Nani Akae Katika Mashua ya Kwanza?

Ndugu msomaji, ukitajiwa mashindano ya mashua, bila shaka fikra zako zitakwenda kwenye ngalawa za kwetu, tanga limejaa upepo na nahodha ameshika usukani. Leo nakuomba uondoe tanga, uondoe na upepo, ubakize wavulana wanane wa shule walioketi mmoja nyuma ya mwenzake, kila mmoja na kasia lake moja, nao wameupa mgongo upande waendako. Wa tisa, ambaye aghalabu ni mdogo wa mwili, hukaa tezi na kushika usukani. Yeye peke yake ndiye aonaye mbele. Mashua yenyewe ina urefu unaozidi meta 17, lakini ni nyembamba mno hata mmoja akiegemea upande, wote huyumba.

Mchezo huu niliufahamu kwa sababu ya mpwa wangu. Dada yangu ni muuguzi huko Reading, Uingereza, mji ulio kando ya mto Thames, na mwanawe alianza kupiga makasia shuleni akiwa na umri wa miaka 13. Nilipokwenda kuwatembelea alikuwa ametimiza 17, mrefu kama mlingoti, viganja vimeota sugu kama vya mchukuzi wa bandarini. Alikuwa akiamka saa kumi na moja alfajiri, kungali giza na baridi kali, ili awahi mtoni kabla ya masomo. Shabaha yake ilikuwa moja tu: kupata nafasi katika mashua ya kwanza ya shule, ile ambayo ingekwenda Henley wakati wa kiangazi.

Henley ni mji mdogo usio mbali na hapo, na mashindano yake yalianza mwaka 1839. Kombe la wavulana wa shule lilianzishwa mwaka 1946. Mashua mbili hushindana kwa mwendo wa meta 2,112. Ishindayo husonga mbele, ishindwayo hurudi nyumbani siku ile ile. Wasichana wa shule walingoja hadi mwaka 2021 ndipo nao wakawekewa mashindano yao ya mashua za watu wanane.

Basi siku moja, nami ningali pale, majina yalibandikwa kwenye mlango wa banda la mashua. Jina la mpwa wangu halikuwamo katika orodha ya kwanza. Lilikuwa katika ya pili.

Hakusema neno. Alikula chakula chake, akaosha sahani, akapanda chumbani. Mama yake ndiye aliyesema. "Kaka, mtoto huyu ni wa pili kwa nguvu katika kundi zima. Wamempima kwenye mashine wao wenyewe. Sasa wanamwacha kwa lipi?"

Ilikuwa kweli kwamba walimpima. Ipo mashine ya kupigia makasia nchi kavu, na kijana huvuta hapo meta 2,000 huku saa ikihesabu. Mpwa wangu alimaliza kwa dakika 6 na sekunde 24, na ni mmoja tu aliyempita. Aidha, shaka ya dada yangu haikuzuka hewani. Mchezo huu una historia ya kufunga milango. Kwa miaka mingi kanuni za Henley zilimkataza mtu yeyote aliyepata riziki kwa kazi ya mikono. Mwaka 1936 polisi wa Australia, waliokuwa njiani kwenda kwenye Olimpiki ya Berlin, walizuiwa kushindana kwa sababu kazi yao ilihesabiwa miongoni mwa kazi hizo. Kanuni ile iliondolewa mwaka 1937. Lakini wewe uliye mfanyakazi utaelewa kwamba kanuni huweza kufutwa leo, na mazoea yake yakabaki katika nyuso za watu kwa muda mrefu.

Nilikwenda kumwona mwalimu wao, kama mjomba apaswavyo. Alinipokea kwa adabu, akafungua daftari. Alinieleza kwamba mashine humpima mtu mmoja, ilhali mashua hupima watu wote pamoja. Kwa hiyo huchukua mashua mbili za watu wanne wanne na kuzishindanisha bega kwa bega, kisha huandika moja imeipita nyingine kwa kiasi gani. Husimama katikati ya mto, mvulana mmoja wa mashua hii akabadilishana na mmoja wa mashua ile, wakashindana tena kwa mapigo yale yale. Hakuna ajuaye mapema nani atahamishwa, kwa hiyo hakuna awezaye kulegeza mkono kwa hila.

Mashua ya mpwa wangu ilitangulia kwa meta mbili. Alipohamishwa, ile aliyoiacha ilishinda kwa meta tano. Tofauti hiyo, alisema mwalimu, ilimwangukia yeye. Kijana ana nguvu, lakini kasia lake huingia majini nukta moja baada ya makasia ya wenzake, na kuchelewa huko kunaizuia mashua kama mtu anayekanyaga breki.

Hesabu ile niliikubali, ingawa si yote. Tarakimu hazina rangi wala kabila, lakini aliyechagua nani abadilishane na nani, na kwa mara ngapi, ni binadamu. Nilimwuliza kama jaribio lilirudiwa. Akasema lilirudiwa siku ya pili, na akanionyesha ukurasa. Hapo nilinyamaza.

Lakini swali langu la mwisho hakuwa na ukurasa wa kulijibia. Je, kijana mwenyewe ameelezwa haya? Alisema orodha ilibandikwa. Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipoona kosa, na ninaliona hadi leo. Kijana aliyeamka alfajiri kwa miaka minne alistahili kuitwa pembeni, akaambiwa uso kwa uso kwamba ni kasia lake linalochelewa, na linarekebishwa hivi. Karatasi mlangoni ilimwambia kwamba hafai, basi. Mama yake naye akabaki kujijazia sababu, na sababu alizokuwa nazo karibu zilikuwa zile za zamani.

Nilimwambia mwalimu hivyo hivyo. Alifunga daftari taratibu, na kesho yake alimwita kijana.

Mpwa wangu alimaliza msimu katika mashua ya pili, upande wa omo, mahali ambapo mashua huhisi upesi kila kosa la mkono. Henley alikwenda kama mtazamaji, akashangilia kutoka ukingoni hadi sauti ikamkauka. Dada yangu bado hajamsamehe yule mwalimu. Mwanawe amekwisha kumsamehe, au pengine amesahau. Juzi nilipompigia simu alitaka kuzungumzia mtihani wa hisabati.