Mimi, mshkaji wangu na elki wa Colorado

Nina mshkaji wangu mmoja ambaye tulikaa naye Mlimani: chumba kimoja, sufuria moja, na siku za usaili hata shati moja. Tulipohitimu mimi nikaingia gazetini, yeye akapata njia ya kwenda Marekani. Leo yuko Denver, jimbo la Colorado, anabeba boksi usiku kwenye ghala. Wenzetu wanaota kujenga Mbezi. Sisi wawili tunaota kuingia porini kuwinda elki.

Najua mtauliza, elki ndiyo nini? Ni mnyama wa jamii ya ayala, yule wa kwenye Zaburi, ila huyu ni pandikizi. Dume hufika kilo 300 na zaidi. Pembe zake zina matawi kama mti uliopukutika majani, na kila mwaka anazidondosha na kuotesha nyingine. Colorado ndilo jimbo lenye elki wengi kuliko yote Marekani, zaidi ya 250,000. Mwanzoni mwa karne iliyopita walikuwa karibu kwisha kwa kuwindwa ovyo, ikabidi waletwe wengine kutoka Wyoming.

Mwezi wa tisa madume hutafuta majike, na hapo ndipo hulia. Sauti inaanza chini chini, inapanda, inaishia kwenye mluzi mkali. Mwindaji huweka kipande cha mpira mdomoni akaiga, na dume huja mwenyewe akidhani kuna mpinzani. Mshkaji amejifunza, na hunitumia mazoezi yake kwenye simu. Juzi nilifungua moja ndani ya daladala bila kupunguza sauti. Konda akauliza nani kapanda na mbuzi.

Tumeshachagua na mahali: Flat Tops, ndani ya msitu wa White River. Ni pori linalolindwa kwa sheria ya mwaka 1964, haliingii gari, pikipiki wala baiskeli. Sehemu kubwa ya juu ni kama mita 3,000, juu kuliko kibanda cha Mandara pale Kilimanjaro. Ukiangusha dume unapata karibu kilo 100 za nyama, na sheria hairuhusu uiache ioze. Kama huna farasi, gari ni mgongo wako. Kwa hiyo safari hii huendi na mtu yeyote tu. Unakwenda na mtu ambaye ukiteguka mguu atakubeba kabla ya nyama.

Tutatumia upinde. Hapo namkumbuka babu yangu kule Sikonge, aliyewinda kwa upinde kulisha nyumba yake. Leo angefanya hivyo bila kibali angeitwa jangili, na huenda mimi ndiye ningeandika habari za kesi yake. Mmarekani tajiri anakuja kwetu siku 21, analipa maelfu ya dola kuwinda simba na nyati. Kwao, fundi bomba anakata kibali, anapanda mlimani, anarudi na nyama ya watoto. Nilipolijua hilo nilikaa kimya muda mrefu.

Lakini niwaambie kwa nini siiachi ndoto hii. Mama yake mshkaji alipofariki, karatasi zake zilikuwa hazijakamilika. Angetoka asingerudi. Mimi ndiye niliyekwenda kuzika, nikashika mchanga kwa niaba yake. Usiku ule alinipigia. Nikajiandaa kumweleza watu walivyokuwa wengi, nani kasema nini. Hakuuliza. Akasema, "Kaka, hebu niambie, siku ile tutapandia upande gani?" Nikafungua ramani kwenye kompyuta, tukapanda ule mlima kwa maneno mpaka adhana ya alfajiri. Alilia mara moja tu, tulipofika kwenye mto.

Ndugu zake wote wakimpigia ni ada, ni bati, ni mgonjwa. Siwalaumu, shida ni za kweli. Ila mimi na yeye tumebaki na kitu kimoja ambacho hakiombwi wala hakidaiwi, nacho ni elki.

Karatasi zake sasa zimekamilika. Kazi imebaki kwangu. Kibali cha mgeni pekee ni zaidi ya dola 700, bado viza na nauli, na mshahara wa mwandishi mnaujua. Lazima pia niwe na cheti cha mafunzo ya uwindaji. Na tangu 2025 wageni wanaotaka kuwinda kwa upinde upande wa milimani wanaingia kwenye bahati nasibu. Nimeanza kuweka kidogo kidogo. Nikikosa mwaka huo, nitajaza tena unaofuata.

Haya wadau, nyie na marafiki zenu walio mbali, mkitoa habari za pesa mnabaki na kipi cha kuongea?