Kigumba Kinachofaa

Nilipofika Wisconsin katikati ya miaka ya 1990 na kupata kazi katika kiwanda cha karatasi kando ya Mto Fox, niliwakuta wenzangu wa zamu ya usiku wakibishania vigumba vya mishale kama watu wa nyumbani Kenya wanavyobishania timu za Gor Mahia na AFC Leopards. Agosti ikielekea ukingoni, ubishi ulianzia kwenye chai na kumalizikia kwenye maegesho ya magari. Msimu wa kuwinda kulungu kwa upinde hufunguliwa huko katikati ya Septemba, wiki nyingi kabla ya zile siku tisa za bunduki za Novemba, na wenyeji wanaona fahari kwamba jimbo lao ndilo lililotangulia Marekani nzima kuuwekea uwindaji huo msimu halali, mwaka 1934.

Kambi zilikuwa mbili, na ya tatu ikichipuka. Wazee walishikilia kigumba cha bapa moja lenye makali pande mbili, cha ukoo wa Razorhead ambacho Fred Bear wa Michigan alikiingiza sokoni miaka ya 1950. Hicho ulikinunua kikiwa na makali ya kubahatisha, ukamalizia kazi mwenyewe. Vijana walikuwa na Thunderhead na Muzzy: ncha ya chuma kigumu, kiwiliwili cha alumini chenye mifereji, na nyembe tatu au nne za kuchomeka. Wembe ukichakaa unautupa, unatia mwingine. Kambi ya tatu, ambayo wazee hawakutaka hata kuisikia, ilikuwa ya vigumba vya kufunguka. Nyembe zake hulala zikiwa zimeshikwa na kipete cha mpira, kisha hutanuka zinapogonga mwili wa mnyama.

Mzee aliyenifundisha alikuwa fundi mitambo aliyebakiza miaka michache kustaafu. Kwake, swali la kigumba kipi lilikuja baada ya swali la makali. Alipaka ukingo wa bapa wino mweusi wa kalamu nene, akalibana kwenye jiliwa, akapitisha tupa kutoka shina hadi ncha kwa pembe ileile, kisha akalisogeza kwenye taa. Wino uliobaki ulimwonyesha mahali ambapo tupa haikugusa. Baada ya tupa likafuata noo, na baada ya noo mkanda wa ngozi. Hakujaribu makali kwa kunyoa vinyweleo vya mkono kama wengine. Alivuta mpira mwembamba wa kufungia noti kati ya misumari miwili, akakilaza kigumba juu yake bila kukikandamiza. Mpira ukikatika kwa uzito wa kigumba peke yake, kiliingia podoni. Usipokatika, kilirudi kwenye noo.

Sababu yake niliielewa tulipoanza kupasua wanyama. Mshale hauna kishindo cha risasi. Unaua kwa kutoa damu, basi. Ukipita kwenye mapafu yote mawili, kulungu huanguka kabla hujamaliza kuhesabu sekunde zako, mara nyingi bila kufika mita mia. Lakini mshipa wa damu ni laini na unavutika. Makali butu huusukuma kando, na makali ya wembe huukata.

Mimi nilikuwa nimekuja na elimu nyingine kichwani. Babu yangu wa Mwingi alikuwa na podo, na vigumba vyake vilikuwa vidogo mno, vimefuliwa kutokana na misumari. Shingo ya chuma ilikuwa ndefu, imepakwa sumu nyeusi na kuviringishiwa ukanda wa ngozi laini ili sumu isikauke wala isimguse mtu. Serikali ilipopiga marufuku uwindaji Kenya nzima mwaka 1977, podo hilo lilikuwa limeshaning'inia ukutani muda mrefu. Udogo wa vigumba vile ulinitatiza utotoni, kwa kuwa sikuona kitu kidogo namna ile kingemwangushaje mnyama. Jibu nililipata Wisconsin. Pale penye sumu, chuma kinatakiwa kupenya na kubaki ndani tu, na sumu itamaliza shughuli. Wisconsin sumu ni marufuku, kwa hiyo makali yanabeba mzigo wote, na ndiyo maana sheria ya jimbo inadai kigumba kiwe na upana usiopungua sehemu saba za nane za inchi, yaani kama milimita 22, na kiwe kimenolewa.

Habari za makali zina ushahidi wa zamani kuliko mzee wangu na tupa yake. Mwaka 1911 alijitokeza California mtu wa jamii ya Wayahi aliyeitwa Ishi, wa mwisho wa watu wake. Daktari wake, Saxton Pope, alijifunza kwake kuwinda kwa upinde, kisha akaanza kupima mambo. Alichukua sanduku lililo wazi pande mbili, akaliwamba ngozi ya kulungu, akalijaza maini ya ng'ombe, akapiga mishale. Kigumba cha Ishi cha jiwe la volkano, linalovunjika kama kioo na kuacha ukingo mkali ajabu, kilipenya zaidi kuliko cha chuma. Pope huyohuyo na rafiki yake Arthur Young walikwenda Tanganyika mwaka 1925 kuwapiga simba kwa mishale. Ujasiri ule, au wazimu, msomaji ataamua. Hata hivyo klabu kuu ya wawindaji wa upinde Marekani ina majina yao mpaka leo.

Kilichobadilisha vigumba ni upinde wenyewe. Mtu wa Missouri, Holless Wilbur Allen, alipata hataza ya upinde wa kapi mwaka 1969, na nilipofika mimi ulikuwa umeshaenea kila mahali. Kapi zilileta kasi. Mishale ya alumini ikapisha ya kaboni, myepesi zaidi, na kasi ikafika futi 300 kwa sekunde. Hapo bapa pana likawa na kasoro ambayo upinde wa mti ulikuwa ukiificha: linashika upepo kama bawa. Upinde usiporekebishwa sawasawa, mshale wenye ncha ya mazoezi unapiga katikati ya shabaha, na wenye kigumba unakwenda zake. Watengenezaji wakafupisha vigumba, kisha wakazikunja nyembe kabisa. Katikati ya miaka ya 2000 ikaja Rage, yenye nyembe mbili za kutanuka hadi inchi mbili, na ukuta wa duka ukabadilika rangi. Wisconsin iliporuhusu mwaka 2014 kila mwindaji atumie upinde wa mtutu, unaolengwa kama bunduki na wenye kasi zaidi, vigumba vya kufunguka vilipata wateja wapya kwa maelfu.

Sitaki kuvionea. Nimeona jeraha la inchi mbili kwenye mbavu za dume lililosimama ubavu, na njia ya damu ambayo mtoto angeifuata bila tochi: nyekundu ya kung'aa, yenye povu la mapafu, imerushwa kwenye majani pande zote. Lakini pia nimemfuata kulungu aliyepigwa na kijana wa jirani kwa kigumba cha aina hiyohiyo. Mnyama alikuwa amemgeukia kidogo, mshale ukagonga kombe la bega. Nyembe zilitumia sehemu ya nguvu kufunguka, upana ukala nyingine, na mfupa ukamaliza iliyobaki. Damu ilikuwa nyingi hatua za mwanzo, ikawa matone, ikapotea kabisa. Tulitafuta hadi usiku wa manane na asubuhi tukarudi. Wiki chache baadaye dume lilionekana likila mahindi, linachechemea.

Visa vya namna hiyo ndivyo vilivyowarudisha watu kwenye maandishi ya Ed Ashby, aliyefanya majaribio ya mishale kwenye wanyama wakubwa huko Natal, Afrika Kusini, miaka ya 1980. Alihimiza mshale mzito, uzito ukae mbele, na kigumba chembamba kirefu kilichonolewa upande mmoja tu. Leo maduka yanauza vigumba hivyo kwa bei ambayo ingemfanya fundi wangu acheke hadi akohoe. Kwa nyati sina ubishi na Ashby. Kwa kulungu wa kilo sabini, kutoka ulingoni, umbali wa yadi ishirini, naona wafuasi wake wanazidisha chumvi.

Nikiulizwa na mgeni, naanza na upinde anaouvuta. Mwenye paundi 65 na mshale mzito kiasi atapata anachotaka kwa karibu kila kigumba ukutani. Mwenye upinde mwepesi aachane na vya inchi mbili, haidhuru kisanduku kimeandikwa nini, kwa sababu mshale uliotoka upande wa pili una matundu mawili ya damu, na la chini ndilo linalomwagika. Uzito ulingane na ncha ya mazoezi, greni 100 kwa 100, yaani kama gramu sita na nusu. Kisha asimamishe mshale kwa ncha mezani na kuuzungusha kwa vidole. Kigumba kikitikisika, hakiendi porini.

Binti yangu anavuta paundi 45. Vuli iliyopita tulisimama dukani muda mrefu, nikimsifia bapa la makali mawili, na nilivyozama kwenye hoja ya kupenya nikafika hadi kwa Ishi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza ni nani atakayekuwa akimnolea kila Jumapili usiku wakati yeye ana mitihani. Alichukua kigumba kifupi cha nyembe tatu zisizokunjwa, akaongeza pakiti mbili za nyembe za akiba, akalipa kwa kadi yake. Ule mpira wa noti tulipoujaribu nyumbani ulikatika mara moja, na bila tupa.