Nani Kalila Bando?

Watu wa kwetu Sindeni ukitaka kuwaudhi, wachezee kipimo. Mnunuzi wa mahindi akija na lumbesa yake, lile gunia lililoshonewa kilemba juu mpaka linashindwa kusimama, wazee watamwambia usoni kwamba Sheria ya Vipimo inalikataza. Mwishowe watamuuzia, maana shida ni shida na mahitaji ya watoto hayangoji, lakini watakuwa wameshasema. Umeme nao ni hivyohivyo. Luku ikisoma uniti tatu nyumba nzima inajua, na pasi siku hiyo haiguswi. Ila bando, ndugu msomaji, bando tunalinunua gizani na kulila gizani. Likiisha tunatafuta mwizi.

Kwetu mwizi alipatikana kabla ya upelelezi.

Kompyuta ni ya kaka mkubwa, ya mezani, aliinunua iliyotumika huko Tanga mjini. Mchana shemeji anachapia barua za kikundi cha akina mama. Jioni mdogo wetu, mtoto wa shangazi aliye Kidato cha Pili, anapakua mitihani ya miaka ya nyuma. Usiku wakishalala ni zamu yangu. Nilimaliza Kidato cha Nne, masomo yakaishia hapo, na sasa ninaandika riwaya. Niko sura ya kumi na moja. Intaneti inatoka kwenye ruta yenye laini ya simu ndani yake. Kaka hununua GB 10 akitaka zifike mwisho wa mwezi. Machi ziliisha siku ya sita. Aprili, siku ya nne.

"Huyu mtoto anaangalia video," kaka akasema.

"Kaka, haki ya Mungu sijaangalia."

"Nani basi, popo?"

Tangu siku hiyo kibodi ikawa inalala chumbani kwa kaka, mlango umefungwa. Mimi nikiitaka usiku napewa. Mtoto haruhusiwi. Akawa anakaa jikoni na daftari lake, na usiombe kumwona mtu wa miaka kumi na minne akiitwa mwizi mbele ya wageni wa shemeji.

Mie hesabu ile haikuniingia. Video ya ubora wa juu inaweza kula hadi GB 3 kwa saa, sawa. Lakini laini yetu haina mbio hizo, ubora wa juu haichezi. (Msidanganywe na matangazo ya kasi, jamani: kasi wanaitaja kwa megabiti, yenye b ndogo, na bando linahesabiwa kwa megabaiti, yenye B kubwa. Nane ya ile ndiyo moja ya hii.) Tuseme anaangalia video za kawaida, MB 700 kwa saa. GB 10 ni zaidi ya saa kumi na nne. Saa kumi na nne ndani ya siku nne, kwa mtoto anayeamka alfajiri kuchota maji na kurudi shule saa kumi jioni! Labda aangalie usingizini.

Na mimi je? Nilijipima pia. Herufi moja ya maandishi ya kawaida ni baiti moja. Riwaya ya maneno 60,000, ukikadiria herufi saba kwa neno pamoja na nafasi, inafika baiti 420,000, yaani haifiki hata nusu ya MB. Ndani ya GB moja zinaingia riwaya elfu mbili na zaidi. Shaaban Robert, mwana wa Tanga aliyezaliwa 1909 na kufariki 1962, aliandika vitabu zaidi ya ishirini, na maandishi yake yote yangepita kwenye laini yetu bila mtu kushtuka. Nilikaa nikiutazama mswada wangu, mwaka mzima wa kukesha, wenye uzito mdogo kuliko picha moja ya simu. Sijui niseme nilifurahi au niliumia. Basi, tuyaache hayo.

Kumbe kompyuta yenyewe ina daftari lake. Yetu ina Windows 10. Unaingia kwenye Mipangilio, kisha sehemu ya mtandao na intaneti, kisha matumizi ya data. (Kwenye Windows 11 pamefichwa kidogo, ndani ya mipangilio ya ziada ya mtandao.) Pale inakuorodheshea programu moja moja na ilichokula kwa siku 30 zilizopita, yenye njaa kuu ikiwa juu. Hailipishi, haitaki bando. Nikaona hivi: kivinjari, ambacho ndicho sote tunatumia, MB 900. Visasisho vya mfumo, GB 1.1. Na juu kabisa, programu ambayo hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuifungua, GB 7.6.

Ilikuwa ile programu ya kuhifadhi mafaili mtandaoni. Fundi aliyetuuzia kompyuta aliiwasha akaenda zake. Kazi yake ni kuchukua kila kilichomo kwenye kompyuta na kukipeleka juu, na kaka alikuwa amehamishia humo video ya harusi yake, faili moja la zaidi ya GB 3. Umeme ukikatika katikati ya safari, na kwetu hukatika, inaanza upya kutoka mwanzo. Watu wengi tunadhani bando linaliwa na kinachoingia tu. Kinachotoka nacho kinahesabiwa, baiti kwa baiti.

Nikajua nikimpelekea kaka maneno matupu ataniambia namtetea mdogo wangu. Nikangoja bando la Mei. Siku ya kwanza, kaka alipoondoka kwenda Korogwe na kibodi ikiwa imefungiwa chumbani kwake, niliwasha kompyuta na kuandika kwenye daftari la shule: saa tatu asubuhi, namba iliyosomeka. Kipanya kilibaki mezani, nacho kinatosha kubofya. Nikatoka, nikafunga mlango wa sebule. Saa sita nikaandika tena. GB 1 na ushei imekwenda. Saa tatu, hakuna mtu kwenye kiti, hakuna kibodi.

Halafu nikafungua ukurasa wa ruta, ule unaoingia kwa namba zilizobandikwa chini yake. Mle kuna kikasha cha ujumbe. Mwaka 2021 TCRA iliagiza kampuni za simu zimtaarifu mteja kifurushi kinapofikia asilimia 75, na tena kinapoisha. Ujumbe ulikuwa umekuja kweli, wa Machi na wa Aprili, mmoja mmoja na saa zake. Ila umeingia kwenye laini iliyomo ndani ya ruta, na ruta haina kioo wala haiiti. Ule wa Aprili wa asilimia 75 ulifika saa nne asubuhi, siku ya kazi. Mtoto alikuwa darasani.

Kaka alirudi na basi la jioni. Alisoma daftari akiwa amesimama, mkoba bado begani. Akarudia mstari wa saa sita mara mbili.

"Kumbe," akasema. Basi.

Programu ile tuliizima usiku uleule. Tukaiambia kompyuta pia kwamba mtandao wetu ni wa kupimwa. Kuna kitufe cha hilo kwenye mipangilio ya mtandao wenyewe, na ukikiwasha visasisho vingi vinasubiri. Visiachwe milele lakini, maana vingine ni vya usalama. Sisi tumevipangia Jumapili ya mwisho wa mwezi, bando likibaki. Na la Mei lilibaki.

Kesho yake kibodi ilikuwa mezani. Hakuna aliyemwambia mtoto pole, na yeye hakuja. Wiki mbili nzima aliazima mitihani kwa wenzake, akainakili kwa mkono. Shemeji alimwita, akajibu ana kazi jikoni.

Alipokuja alikuja siku ambayo kaka yuko sebuleni anasikiliza redio. Aliomba daftari kwanza. Akaandika saa na namba ndipo akavuta kiti. Alipomaliza akasoma namba mpya, akatoa, akaandika, kisha akatamka kwa sauti ya kusikika mpaka uani:

"Mtihani wa Fizikia, MB 2."

Kaka akaongeza sauti ya redio.