Nilimfutia Mfalme Kosa Lake

Nililiharibu igizo la King Lear, na nililiharibu kwa penseli.

Nilikuwa nafundisha sekondari na kusimamia kikundi cha maigizo. Tamthilia ya Shakespeare ni ndefu, nasi tulipewa saa moja na nusu, basi nikaanza kukata. Lear anawagawia ufalme mabinti wawili wanaojua kusifia, anamfukuza binti yake mwingine, Cordelia, kwa sababu hakutaka kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, halafu wale wawili wanampunguzia askari wake 100 hadi 50, hadi 25, hadi anaulizwa hata mmoja wa nini. Nikajiona nimekipata kiini: watoto wabaya, baba kapata wazimu. Chochote kilichochelewesha dhoruba inayomkuta akiwa na wazimu nikakipitishia mstari, pamoja na onyesho fupi ambamo mfalme anasubiri farasi huku mchekeshaji wake akimtegea vitendawili. Niliona ni porojo. Nawe ukipewa penseli, utaanzia pale pasipo na kelele.

Watu walipiga makofi. Mzazi mmoja alinipa mkono, akasema nimewafunza watu: binti hapewi urithi baba akiwa hai. Nikacheka. Nilipaswa kushtuka.

Kilichonishtua ni swali la kijana aliyecheza Lear, tulipokuwa tunakunja mapazia. "Mwalimu, kwani huyu mzee alijutia wapi? Mimi nilikuwa nakasirika tu." Nikafungua kitabu nimwonyeshe. Mahali penyewe palikuwa na mstari wangu, kutoka juu hadi chini.

Katikati ya vitendawili, Lear hamsikilizi mchekeshaji sawasawa. Anakatiza kwa maneno machache: alimkosea. Jina hataji, lakini ni Cordelia. Punde anaziomba mbingu zimwepushe na wazimu. Na hapo Regan, mmoja wa wale mabinti wawili, hajamfungia mlango bado! Akili yake inaanza kuyumba akilikumbuka kosa lake mwenyewe, kabla usaliti haujakamilika. Mimi nikamfutia kosa, nikamwachia hasira. Kumbe hata Regan, pamoja na uovu wake, alishasema mapema kwamba baba yao hakuwahi kujijua vizuri. Hiyo nayo nilikata.

Ukumbi ulikuwa umeshatawanyika na somo la yule mzazi. Kijana nilimjibu kwamba tulibanwa na muda. Uongo. Pambano la mapanga la ndugu wawili, Edgar na Edmund, nililiacha zima, tena nikaliongezea ngoma.