Elimu ya Misitu na Maji: Tuliyoyaona Kitale na Bungoma

Wazazi wengi wa pwani, binti yao anapopata nafasi ya kusomea maliasili na uhifadhi katika vyuo vya bara, huuliza mambo mawili: huko mbali atakuwa na nani, na elimu hiyo ya miti na mito itamfaa nini? Tumeyasikia maswali haya hata katika jamaa zetu, na Mwenyezi Mungu alipotujaalia safari ya Kitale na Bungoma, tuliyachukua pamoja nasi.

Upande ule si mgeni kwa elimu hiyo. Chuo Kikuu cha Moi kilipoanza mwaka 1984, wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa 83, waliohamishwa kutoka idara ya misitu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Bewa lake la Chepkoilel, karibu na Eldoret, lilifanywa chuo kikuu kishiriki mwaka 2010, na mwaka 2013 likawa Chuo Kikuu cha Eldoret. Huko vijana husomeshwa misitu na uvuvi. Bungoma nayo ilipata chuo kishiriki cha Kibabii mwaka 2011, kilichotunukiwa hati ya chuo kikuu kamili mwaka 2015.

Lakini sehemu kubwa ya elimu hii husomwa nje ya darasa. Kitale imekaa baina ya Mlima Elgon na milima ya Cherangani, na mashamba ya mahindi yameizunguka. Karibu nayo pana Hifadhi ya Kinamasi cha Saiwa, iliyotengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, swala mwenye kwato ndefu zilizotanuka hata asizame topeni. Ukubwa wake ni takriban kilomita 3 za mraba tu, na mgeni huitembelea kwa miguu. Tulipanda dungu la mbao tukayatazama matete. Kinamasi, ambacho wengi wetu hukiona ni tope tu, huyapunguza mbio maji ya mvua na kuyachuja kabla hayajaendelea mtoni. Kikikaushwa ili pawe shamba, nzohe hukosa makao, na aishiye chini ya mto hupata hasara.

Hasara hiyo tuliielewa zaidi Bungoma. Mto Nzoia, upokeao maji ya Elgon na Cherangani, huporomoka Nabuyole karibu na Webuye, kisha hushuka hadi Budalang'i na kuingia Ziwa Viktoria. Miteremko ikivuliwa miti, mvua huteremka na udongo. Na Budalang'i ndiko mafuriko yalikowahamisha kina mama na watoto wao mara nyingi.

Nasi pwani tumo katika jambo hilo. Watu wa Malindi wanajua jinsi bahari inavyogeuka rangi msimu wa mvua: ni udongo wa bara ulioletwa na mto Sabaki. Na sehemu ya maji ya Mombasa hutoka chemchemi za Mzima, Tsavo, zinazolishwa na mvua ya vilima vya Chyulu. Mama anayepanga mitungi usiku akingoja mfereji atasemewa na nani mambo haya yanapoamuliwa, ikiwa watoto wetu wote wamesomea biashara na uhasibu?

Wala dini haikuyaacha haya. Mtume (s.a.w.) aliitenga Naqi', karibu na Madina, iwe hima, yaani malisho yaliyolindwa kwa manufaa ya Waislamu wote, na alitufundisha tusifuje maji hata katika udhu.

Ama swali la kwanza, halifai kupuuzwa. Bara kuna baridi, nauli ni ghali, na mzazi yuko mbali. Hata hivyo binti hatakuwa peke yake. Uislamu ulifika Mumias, jirani ya Bungoma, pamoja na misafara ya biashara ya pwani katika karne ya 19, na leo Kitale na Bungoma zina misikiti na familia za Kiislamu. Rai yetu ni kwamba mzazi asikatae kwa kusikia tu. Afuatane na bintiye, aione bweni, asalimiane na jamaa wa msikiti ulio karibu, aache nambari ya simu kwa mama mmoja wa huko, kisha ashauriane na binti mwenyewe. Akimruhusu, na amruhusu kwa radhi na dua. Barua ya kuitwa chuoni ina siku zake. Isikae kabatini hadi nafasi ikapita. Wallahu aalam.