Mkate wa Mayai wa Nagasaki

Katika mji wa bandari wa Nagasaki, nchini Japani, tuliandaliwa kasutera, nasi tukatazamana: si mkate wetu wa mayai huu? Mayai, sukari na unga, wala hamna siagi. Kuumuka kwake ni kwa mayai kupigwa sana. Ila hauna iliki, hutiwa shira ya wanga, na chini yake hulala chenga za sukari zinazolia menoni.

Asili yake ni Wareno wa karne ya 16. Bandari hiyo ilifunguliwa kwa merikebu zao mwaka 1571. Hapa Mombasa walianza Ngome ya Yesu mwaka 1593. Kwetu tunawakumbuka kwa mizinga, kule kwa keki!

Mwenyeji wetu, bibi mtu mzima, alikuwa amekwisha kukata vipande. Lakini baadhi ya waokaji hutia mirini, nayo ni kileo cha mchele. Kumrudishia mwenyeji sahani ni kazi nzito; kula bila kuuliza ni nzito zaidi. Tukamwuliza kwa upole. Hakuchukia. Alileta kasha lake, akatusomea viungo kimoja kimoja kwa kidole. Mirini haikuwamo. Tukapiga bismillahi, na watoto wakagombea vipande vya pembeni.