Base ya Kamina: risasi haiishii kwenye kibao

Wandugu mliofika kwetu mkiwa mmeacha nyumba na mashamba, leo sina habari ya mkutano. Nina neno la kuomba msamaha.

Huku Base, mlio wa bunduki za mazoezi ni kama jogoo wa asubuhi. Wabelgiji walijenga kambi hii kisha vita ya pili ya dunia, na askari wanajifunza huku mpaka leo. Sisi tuliozoea hatugeuzi hata kichwa. Kiangazi kilichopita, mama mmoja aliyehama na watoto wanne aliniuliza: « Ndugu mwandishi, njia ya kuni inayopita nyuma ya uwanja wa shabaha, tunaweza kuipita? » Nikajibu bila kufikiri: « Pita tu, mama. Wanapiga vibao, hawapigi watu. » Akaenda na watoto wake.

Mchana nikamsimulia jirani yangu, papa mmoja aliyekuwa askari zamani. Akarudisha tonge la bukari kwenye sahani. « Umemtuma kwenye hatari. Unafikiri risasi inaishia kwenye kibao? »

Akanifundisha. Kalashinikofu inatupa risasi kwa mwendo wa mita 700 hivi kwa sekunde. Lakini ikitoka tu mdomoni, inaanza kuanguka kama jiwe. Kwenye mita 300 imekwisha kushuka zaidi ya mita moja, ndiyo sababu bunduki inapangwa mdomo wake utazame juu kidogo. Mpigaji akikosea umbali, risasi inapita juu ao inaingia udongoni.

Kuna upepo. Ule wa kiangazi, wenye kutikisa matawi madogo, unaweza kuisukuma pembeni karibu nusu mita kwa umbali huo. Kuna hewa: Kamina iko karibu mita 1,100 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na jua linaifanya nyepesi zaidi, basi risasi inakwenda mbali kidogo kuliko kule pwani. Joto la udongo nalo linafanya kibao kicheze machoni kama kiko ndani ya maji. Tena kuna mtu mwenyewe: pumzi, njaa, uchovu, kidole chenye haraka.

« Mdomo wa bunduki ukipotoka digrii moja tu, » papa alisema, « kwenye mita 300 umekosa kwa mita tano. Na huyo anayepiga ni mwanafunzi. »

Ile inayokosa inaenda wapi? Ikiruka tuta la udongo, inaweza kufika zaidi ya kilometa mbili. Ikigonga jiwe, inageuka upande ambao hakuna anayeujua. Na usiseme utasikia mlio ukimbie: kwenye mita 300 risasi inafika mbele ya mlio wake.

Nilitoka kuwatafuta. Niliwakuta kwenye giza, mama na mzigo kichwani, watoto wote wanne nyuma yake. Mungu alisaidia. Nikamwambia ukweli. Hakukasirika. Alisema tu: « Kule kwetu tulijua wenyewe njia mbaya. Hapa tunawajua ninyi tu. »

Neno lile halijanitoka.

Basi, wandugu: kabla ya kwenda kuni ao shambani, muulizeni shefu wa kartie siku za mazoezi. Msipite nyuma ya vibao hata kama kumenyamaza, maana pengine wanapumzika tu. Milio ikianza mkiwa karibu, laleni chini, na mkipata mti mkubwa ao kichuguu, jifiche nyuma yake. Watoto wasiokote maganda ya risasi wala chuma wasichokijua. Na sisi wenyeji, mgeni akituuliza njia, tusijibu kwa mazoea.

Njia ya kuni iliyo salama inazunguka, ni ndefu. Mama yule anaipita sasa. Mimi pia.